Mtoto Ndiye Msomaji wa Simu ya Nyumbani

Msimu wa korosho unapofika Chilangala, kama ilivyo kote Newala na Masasi, simu hugeuka kuwa chombo cha kazi sawa na kapu na gunia. Tangu msimu wa 2024/2025 minada huendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), bei husambaa kwa simu hata kwa wale wasiohudhuria mnada, na malipo ya mkulima hutangazwa kwa ujumbe mfupi. Siku hizo hizo huingia ujumbe wa aina nyingine, ambao karibu kila Mtanzania ameshaupokea: "Ile hela tuma kwenye namba hii."

Nani anausoma? Katika nyumba nyingi tunazoingia kuwapelekea wagonjwa Komunyo Takatifu, msomaji ni mjukuu wa darasa la 5 au la 6. Bibi humwita aje amsomee, naye husoma, hujibu, na mara nyingi huikumbuka namba ya siri kuliko bibi mwenyewe. Mtoto huyu ndiye karani na mweka hazina wa nyumba, ingawa hakuna aliyemwandaa kwa kazi hiyo.

Akifika shuleni, simu hiyo hiyo ni kosa. Hatuipingi marufuku hiyo. Walimu wanajua vema jinsi simu inavyoiba usingizi na usikivu wa mwanafunzi. Lakini kukataza siyo kufundisha. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, pamoja na mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024, inataka elimu inayojenga ujuzi, TEHAMA ikiwemo. Shule isiyo na kompyuta ya kutosha wala umeme wa uhakika huishia kuchora kibodi ubaoni na kutaja sehemu zake. Mtoto anafaulu jaribio, kisha anarudi nyumbani kumsomea bibi ujumbe wa tapeli.

Hapa ndipo tunapotofautiana kwa heshima na wale wanaosema tusubiri kwanza vifaa vije. Vifaa vinahitajika, na mwalimu mwenye simu moja tu anaweza tayari kufungua vitabu katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Ila adabu ya mtandaoni haihitaji bando. Mwalimu auandike ule ujumbe wa tapeli ubaoni, kisha awaulize wanafunzi: Aliyeandika ni nani, na tunajuaje? Kwa nini anatuharakisha? Tungemuuliza nani kabla ya kutenda? Dakika arobaini za chaki zinatosha. Mbinu hiyo inafaa pia kwa picha za ajali zinazotumwa kabla ndugu wa marehemu hawajapata taarifa, na kwa uvumi unaomchafua jirani. Katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni mwaka 2018, Papa Fransisko aliziona habari za uzushi zikifanya kazi kwa hila ya yule nyoka wa kitabu cha Mwanzo: uongo uliovishwa sura ya ukweli. Amri ya Nane haikuwekewa mpaka wa karatasi na sauti.

Wazazi nao wakumbuke kwamba mtoto hana kitambulisho cha NIDA, hivyo laini anayoitumia imesajiliwa kwa alama za vidole vya mtu mzima. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu usambazaji wa taarifa za uongo, na msako utaanzia kwa mwenye laini.

Sisi mapadre tusijifiche nyuma ya mimbari. Ni mara ngapi parokia zetu zimeweka mtandaoni picha za watoto wa Komunyo ya Kwanza pamoja na majina na vigango vyao, bila kumwuliza mzazi? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatuhusu hata sisi, na mtoto hujifunza zaidi kwa anachotuona tukitenda.

Kwa hiyo tunawaomba walimu Wakatoliki, walezi wa Utoto Mtakatifu na VIWAWA, na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo waanze kabla malipo ya korosho hayajaingia. Jumamosi moja, baada ya sala, jumuiya iketi na simu zake. Kila mmoja apige *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lake. Ujumbe wa utapeli uripotiwe kwa namba 15040. Na bibi, akielekezwa na mjukuu, abadilishe namba yake ya siri kwa mkono wake mwenyewe, huku mjukuu akigeuza uso upande wa pili.