Rangi ya Usiku Si ya Kuaminiwa

Jua la Bujumbura huzama karibu saa kumi na mbili za jioni, mwaka mzima. Askari anayerudi Gihosha kutoka zamu huwakuta watu wa nyumbani wamekwisha washa taa, na ni chini ya taa hizo ambapo sare hutiwa viraka, samaki hukaguliwa na mtoto mchanga hutazamwa. Kazi zote hizo hutaka jicho lipambanue rangi.

Kitambaa hupokea mwanga, kikameza sehemu yake na kurudisha iliyobaki. Hiyo irudiyo ndiyo jicho huiita nyekundu au kijani. Kile ambacho taa haikutoa, kitambaa hakiwezi kukirudisha. Kandili na globu ya waya hutoa kwa wingi mwanga mwekundu na wa manjano, lakini wa buluu ni haba. Wataalamu hupima hali hiyo kwa kelvini: globu ya waya ni kama 2,700, mwanga wa mchana kama 6,500. Mwaka 1931 Tume ya Kimataifa ya Mwanga ilikubaliana juu ya mianga maalumu ya kupimia rangi, kwa kuwa kipimo cha rangi kisichotaja taa hakina thamani kiwandani.

Mke wa askari ashukaye Buyenzi kununua uzi wa sare aweza kuona dukani, chini ya taa ndefu ya mrija, kwamba uzi na sare vyafanana kabisa. Kesho yake kwenye gwaride kiraka chaonekana toka mbali. Muuzaji hakudanganya. Vitu viwili vilivyotiwa rangi kwa dawa mbalimbali huweza kulingana chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine. Yafaa achukue kipande cha sare na kutoka nacho mlangoni kabla ya kulipa.

Polisi nao wana lao: chini ya taa za barabarani za sodiamu, zile za rangi ya machungwa, gari la buluu huonekana jeusi, na shahidi mkweli akaapa hivyo.

Anunuaye taa ya LED au ya mrija na asome namba tatu ambazo viwanda vingi huziandika. Katika 827, tarakimu 8 yaeleza kwamba taa huonyesha rangi kwa alama 80 na zaidi katika 100, na 27 ni kelvini 2,700. Ya 865 ni sawa nayo kwa uaminifu wa rangi, ila weupe wake wakaribia mchana. Wengi huchagua kwa weupe tu, nao haitoshi: taa yaweza kuwa nyeupe pe na bado ikafifisha wekundu wa nyama.

Lakini kosa la uzi hugharimu faranga chache. La mtoto ni zito. Watoto kama 6 katika kila 10 waliozaliwa kwa miezi kamili hupata umanjano katika juma la kwanza, kwa sababu ya bilirubini, uchafu utokanao na kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu. (Hii siyo homa ya manjano iletwayo na mbu.) Walio wengi hupona wenyewe, bilirubini ikizidi, hudhuru ubongo na masikio. Basi ngozi ya manjano hujitenga na nyeupe kwa kumeza buluu, na taa yenye buluu haba huipunguza tofauti hiyo, hata shuka na jicho la mtoto vikaonekana vya manjano sawasawa. Mama aliye chumbani na kandili aweza kumpakata mgonjwa asijue.

Mtoto na apelekwe dirishani mchana, pazia la rangi likifunguliwa, avuliwe nguo, kisha weupe wa macho na fizi vitazamwe. Kwa mtoto mweusi ngozi peke yake haitoshi. Umanjano ukionekana kabla ya saa 24 tangu kuzaliwa, au mtoto akilegea na kukataa kunyonya, safari ya hospitali isingojwe mpaka asubuhi. Huko damu hupimwa, maana hata daktari haamini jicho lake. Na mtoto akiwekwa chini ya taa ya buluu ya matibabu, ngozi hukwajuka kabla ya damu kusafika, hata aonekanaye mzima huenda bado hajapona.