Sola ya nyumbani na waya wa REGIDESO: tusiunganishe kimya kimya



Ndugu wazazi na wanafunzi, iwe Gitega au Muyinga, kuna swali ambalo wenye sola hawakosi kujiuliza. Mtu ameifunga paneli yake juu ya bati, saa nane mchana betri imeshajaa, na jua bado linawaka. Anatazama nguzo ya REGIDESO nje ya ua na kusema: huu umeme unaopotea, kwa nini nisiupitishe kwenye waya ule, nao ukanipunguzia gharama ya mita?

Swali ni zuri. Ubaya uko kwenye jibu la haraka: waya wenye plagi pande zote mbili, upande mmoja kwenye inveta, wa pili kwenye soketi ya ukutani. Maoni yangu ni kwamba jambo hili tusilifanye, wala tusimruhusu fundi yeyote kutufanyia.

Sababu ya kwanza ni uhai wa mtu. Umeme ukikatika, fundi wa laini hupanda nguzo kutengeneza. Inveta yako ikiwa bado inasukuma moto kwenye waya, ule moto unarudi hadi kwenye transfoma. Transfoma inayoshusha umeme unapokuja nyumbani huupandisha unaporudi nyuma, ukafika maelfu ya volti. Ni kweli kwamba mara nyingi inveta ndogo itazidiwa na nyumba za majirani na kuzima. Lakini waya ukiwa umekatika karibu na nguzo yako, hakuna cha kuizidi, na moto unabaki pale pale ukimngoja mtu. Dini yetu imetufundisha kutodhuru na kutodhuriana. Fundi yule naye ana watoto wanaomngoja nyumbani.

Sababu ya pili ni mali yako mwenyewe. Umeme wa laini ukirudi ghafla, nao haukwendi sambamba na wa inveta, inveta huungua, na nyumba inaweza kushika moto. Tena kuna mita za kulipia kabla ambazo hazitofautishi umeme unaoingia na unaotoka: zinahesabu vyote kuwa matumizi. Utatoa umeme wako, kisha uulipie. Mita nyingine hujifunga kabisa, zikidhani umezichezea. Na mita ni kama mizani, kila mmoja wetu anajua uzito wa kuichezea.

Wengine watasema: basi tununue inveta maalumu ya kuunganisha na laini. Hiyo ipo, na ni salama kwa sababu huzima yenyewe mara tu laini inapokatika. Lakini hapo pana jambo ambalo wauzaji hawalitaji sana: kama haina betri, basi laini ikikatika saa sita mchana utakaa bila umeme na jua liko juu ya kichwa chako!

Sasa tupige hesabu. Paneli ya wati 200, kwa saa nne za jua kali, hutoa takriban uniti 0.8 kwa siku. Taa nne za wati 7 kwa saa tano, simu nne, na televisheni ndogo kwa saa tatu hula kama uniti 0.3. Toa na upotevu wa betri na inveta, inabaki kama uniti 0.4. Nchini Kenya, ambako kanuni za kubadilishana umeme na laini zilitolewa mwaka 2024, kwa kila uniti unayotoa unahesabiwa nusu. Kwa kipimo hicho ungepata uniti 0.2 kwa siku, yaani 6 kwa mwezi. Je, hizo zitalipa inveta maalumu, mita ya pande mbili na fundi? Kwa nyumba ya paneli moja, hapana.

Kwa hiyo nyumba ndogo ifanye hivi: taa na chaji za simu ziwe na nyaya zake za sola peke yake. Anayetaka sola na laini zitumie nyaya zile zile aweke swichi ya kugeuza, ile ambayo haiwezi kushika pande zote mbili kwa wakati mmoja. Fedha iliyobaki iende kwenye betri nzuri. Maghribi kwetu huingia karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, jua limekwisha na watoto ndio kwanza wanafungua madaftari.

Lakini msikiti, madrasa au zahanati ni hesabu nyingine. Paneli kumi za wati 400 hutoa kama uniti 16 kwa siku, na siku nyingi za wiki mchana matumizi ni madogo. Hapo kuunganisha kuna maana, kwa maombi yaliyoandikwa, mita ya pande mbili na fundi anayetambulika. Na mfano tunao jirani. Sheria ya Aprili 2015 iliwafungulia mlango wazalishaji binafsi wa umeme Burundi, na Oktoba 2021 kituo cha jua cha Mubuga, mkoani Gitega, chenye megawati 7.5, kilizinduliwa. Kinaiuzia REGIDESO umeme kwa mkataba, na hakuna aliyejificha usiku kuunganisha waya.

Rai yangu kwa kamati zetu za misikiti ni hii: tuandike barua, tuulize masharti kwa wadogo kama sisi ni yapi, bei ni ipi, na nani atakagua. Barua ikichelewa kujibiwa, tuandike ya pili. Katika nchi ambayo takriban mtu mmoja tu kati ya kumi ana umeme, kila uniti ya ziada ina mwenye kuihitaji.

Na leo jioni, mzazi, kabla ya kulala pita nyuma ya inveta uangalie. Ukiuona ule waya wa plagi mbili, ung'oe, kisha umweleze kijana wako kwa upole kwa nini umeung'oa.

Wabillahi tawfiq.