Mazungumzo ya Nyumbani: Bustani ya Watu wa Mashuani



Mwalimu mmoja aliniuliza kama yawezekana mtu na mkewe kukaa pamoja kutwa kucha, bwana asiende kazini wala bibi asiende sokoni, wakashirikiana katika kila kazi, nao wasichokane. Kwanza nalicheka, maana nalidhani ananipima mimi na nyumba yangu. Baadaye nikakumbuka habari za watu wawili wa Marekani, nami nitawasimulia kama nilivyozisoma.

Bwana aliitwa Harlan Hubbard, mzaliwa wa mwaka 1900 katika jimbo la Kentucky, kando ya mto Ohio. Alikuwa mchoraji wa picha, walakini picha zake hazikununuliwa sana, akapata riziki yake kwa useremala na vibarua. Bibi aliitwa Anna, mzaliwa wa mwaka 1902 katika jimbo la Michigan. Alikuwa mtu wa elimu, ajuaye Kifaransa na Kijerumani, mpiga kinanda hodari, mwenye kazi ya heshima katika maktaba ya mji wa Cincinnati. Walioana mwaka 1943, si vijana tena. Yeye alikuwa na miaka 40, na bwana 43.

Mwaka uliofuata wakaenda ukingoni mwa mto, mahali paitwapo Brent, wakajenga kwa mikono yao mashua ya namna ya peke yake: chini ni chombo kipana chenye tako bapa, na juu yake kijumba kidogo kama kibanda. Mbao nyingi waliziokota, maana mto ule ukifurika huleta magogo na mbao za kila namna. Vyombo vya jinsi hiyo havikuwa vigeni katika Ohio. Katika miaka ya shida iliyoanza 1929, maskini wengi waliokosa kodi ya nyumba waliishi mashuani pamoja na watoto wao. Hapa tusikosee, wasomaji. Wale waliishi hivyo kwa kukosa, na hawa wawili kwa kuchagua. Na afungaye kwa hiari hayuko sawa na mtu asiye na chakula, hata kama matumbo yote mawili ni matupu.

Mashua haikuwa na mtambo wowote. Mto wenyewe ndio uliowachukua, nao wakiiongoza kwa makasia. Wakakaa Brent miaka miwili, hata mwezi wa Desemba 1946 wakafungua kamba, wakajiachilia mkondoni.

Huenda mtauliza, kwa nini waondoke wakati wa baridi kali? Sababu yake inapendeza kuijua. Mto Ohio ulikuwa umejengewa makingio mengi, kazi iliyomalizika mwaka 1929, ili meli zipate kina cha futi 9 mwaka mzima. Makingio mengi yalikuwa ya mbao zilizoweza kulazwa chini, sakafuni mwa mto. Maji yakijaa, mbao hulazwa, na chombo hupita juu yake kana kwamba hapana kitu. Maji yakipungua, mbao husimamishwa, na mto hutulia kama bwawa. Ndipo mwenye chombo kisicho na mtambo hana budi kuvuta kasia mpaka mikono imchubuke. Basi maji mengi ya baridi na ya masika yalikuwa ya kusafiri, na majira ya joto yalikuwa ya kutulia. Na majira ya joto ndiyo mimea imeayo katika nchi ile. Hivyo si wao walioupanga mwaka wao, mto uliwapangia.

Majira ya joto ya kwanza, mwaka 1947, waliifunga mashua mahali paitwapo Payne Hollow, bonde dogo lenye miti upande wa Kentucky. Wakapanda ukingoni, wakalima. Udongo wa kando ya mto ni mwema, kwa kuwa mafuriko huacha tope jipya lenye rutuba; jambo hili Warufiji hawahitaji kufundishwa, maana tangu zamani wamepanda mlau katika unyevu ulioachwa na mto wao. Asubuhi jembe, na jua likipanda, kazi ya mashua. Chombo kilichofungwa pwani hakimwachi mtu kulala bila fikira. Maji yakiongezeka usiku, kamba hukaza; yakipungua, upande mmoja hukaa juu ya tope na sahani zote huteremka mezani. Yapasa kulegeza kamba hii na kuvuta ile, kusogeza ubao wa kushukia, kuziba palipovuja. Bwana alitega kamba ndefu yenye ndoana nyingi, na samaki waliozidi wakabadilishwa kwa wakulima wa jirani kwa vitu ambavyo bustani haitoi.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo wanaume huliruka upesi wakisimulia habari hizi. Bustani haimpi mtu chakula kidogo kidogo kwa kadiri ya njaa yake. Hutoa vyote kwa juma mbili tatu, halafu hunyamaza. Katika nchi yenye theluji, mtu asiyeweka akiba ya majira ya joto atanunua dukani au atakosa. Basi mboga zikavunwa, zikachambuliwa, zikakatwa, zikatiwa katika chupa za kioo zenye midomo mipana, na chupa zikachemshwa katika moto wa kuni za mto, saa nyingi, ndani ya chumba kimoja, wakati wa joto kuu la mwaka. Chupa ikipoa, kifuniko hujivuta chini na hewa haiingii tena. Tena kazi hiyo haitaki uvivu hata kidogo, maana maharagwe yaliyofungwa bila kuiva vema katika chupa huweza kuzaa sumu isiyo na harufu wala dalili, nayo huua. Afya ya miezi yote ya baridi ilikuwa juu ya mkono wa yule aliyesimama mbele ya sufuria.

Nilipokuwa nikiandika maneno hayo, nilimsomea mke wangu, nikitumaini kusifiwa. Akasikiliza hata mwisho, kisha akauliza, “Na chupa zile, Baba, nani aliziosha?”

Sikuwa na jibu tayari, nikarudi vitabuni. Mwaka 1953 Bwana Harlan alitoa kitabu juu ya safari yao, kiitwacho Shantyboat, na watu wengi wakampenda kwa ajili yake. Ndani yake asema “sisi”, na sidhani kwamba alisema uongo, kwa maana yeye mwenyewe alipasua kuni, alivua, alilima, wala hakukaa kivulini na brashi yake huku mwenzake akitoka jasho. Jioni mmoja alisoma kitabu kwa sauti na mwingine akaendelea na kazi ya mikono. Tena walipiga muziki pamoja, bwana akipiga fidla na bibi ile fidla kubwa ishikwayo kati ya magoti, iitwayo chelo. Lakini neno “sisi” ni kama kapu kubwa: wawili hulijaza, na alibebaye kichwani ndiye aonekanaye njiani. Miaka mingi watu walitaja jina la bwana tu. Hata mwaka 2001 bibi mmoja mwandishi, Mia Cunningham, alitoa kitabu juu ya Anna Hubbard, na katika jina lake akaandika kwamba mama huyo anatoka vivulini. Alikuwa amekwisha kufariki miaka 15.

Mimi nalifikiri zaidi habari ya kinanda. Mwanamke aliyezoea kinanda kikubwa aliishi mashuani miaka mingi bila hicho, kwa kuwa hapakuwa na nafasi. Wengine watasema ni jambo dogo. Na waulizwe wao wameacha nini.

Mavuno yalipokwisha, waliiacha bustani. Mwaka 1948 majira ya joto yaliwakuta katika mto Cumberland. Baadaye wakashuka Mississippi mpaka New Orleans, na kutoka huko wakaingia katika vijito vya Louisiana. Kila mwaka udongo mgeni, magugu mageni, na jembe kuanza upya mahali ambapo mwakani wengine watavuna vitakavyoota vyenyewe. Mlimaji wa namna hiyo hapandi mwembe. Nakiri kwamba mimi nisingeweza. Ningekaa mashuani nikiiwaza migomba yangu.

Nadhani na wao iliwashinda kidogo, kwa kuwa mwaka 1952 walirudi Payne Hollow, bonde lile lile walilolima mwaka 1947, wakajenga nyumba kwa mikono yao kando ya mto. Hawakutia umeme. Walilima, walivua, walifuga mbuzi, wakaweka mboga katika chupa kila mwaka, mpaka Bibi Anna alipofariki mwaka 1986, na Bwana Harlan akamfuata mwaka 1988. Basi mwalimu wangu, ni miaka 43 ya ndoa. Na nyumba ile, ingawa ilikuwa ndogo, ilitengewa nafasi ya kinanda kikubwa, na Bibi Anna akakipiga.