Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Musoma: Macho ya Walimu na Vishikwambi

Ndugu Mkurugenzi,

Mimi mwalimu, mkaazi wa Kamunyonge, naomba idhini nikuletee hadharani jambo ambalo aghalabu husemwa kwa kunong'ona katika ofisi zetu, nalo ni taabu ya macho iliyotuingia tangu tulipokabidhiwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022. Wala nisidhaniwe kuwa nakufuru neema, kwani chombo hiki kimetupunguzia makaratasi maridhawa.

Juzi alasiri nilimtazama mwenzangu akiingiza alama za darasa zima. Ameketi akilipa dirisha mgongo, jua lote limempiga juu ya kioo, naye ameinama hata baina ya pua yake na kishikwambi pamebaki shubiri moja, akifikicha macho kwa kiganja kila baada ya majina mawili matatu; nilipomwita akanyanyua kichwa, akanikodolea kitambo kabla ya kunitambua. Umri wake umepita miaka 40, na miwani hajapata kupimwa.

Jicho likitazama cha karibu, msuli mdogo ulio ndani yake hujikaza ili lenzi itune, na msuli huo ukikazwa saa nzima pasi na kulegezwa huchoka kama mkono uliochukua ndoo ya maji kutoka ziwani. Tena mtu aliyezama katika kioo husahau kupepesa, ilhali kope ndizo zinazolilowesha jicho kwa machozi, basi jicho hukauka likawasha kana kwamba limeingiwa na mchanga. Wapo wanaoshauriwa kununua miwani ya kuzuia mwanga wa buluu. Uchunguzi haujathibitisha kuwa inaondoa uchovu huu, na heri fedha hiyo ingenunua miwani ya kusomea iliyopimwa.

Dawa ya uchovu wenyewe haina gharama: kila dakika 20, mtu aondoe macho kwenye kioo, atazame kitu kilicho mbali mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, apepese. Nasi mji wetu umekaa rasini, maji na mitumbwi ya wavuvi iko machoni petu. Ni mji gani uliojaaliwa pa kupumzishia macho kuliko huu? Kishikwambi nacho kikae umbali wa mkono, herufi zikuzwe, na dirisha liwe ubavuni.

Lakini mwalimu aliyeamriwa kumaliza matokeo kabla ya jua kuchwa hathubutu kunyanyua kichwa. Kwa hiyo nakuomba, Ndugu Mkurugenzi, uwaandikie walimu wakuu na wakuu wa shule waraka unaotuhalalishia mapumziko hayo, na utuletee wataalamu wa macho shuleni watupime, wakianza na waliopita miaka 40. Tafadhali waraka huo utufikie kabla ya mitihani ya muhula huu.

Wako mtiifu,
Mwalimu, Kamunyonge