Barua ya wazi kwa Meneja wa ofisi ya umeme, Tunduma. Yah: Birika la mpangaji wangu

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa upande wa makusanyo nina hakika yanakwenda vizuri sana, maana mengine yametoka nyumbani kwangu, kwa umeme ambao hakuna mtu aliyeutumia.

Faili unalo, kwa hiyo sitarudia yote. Nyumba ya vyumba vya kupangisha, Sogea, hapa Tunduma; mita moja iko juu ya nguzo, ndani kuna kile kidude cha kuingizia tokeni. Nililalamika kwamba tangu mvua zianze uniti zinakwenda mbio. Ukamtuma kijana wako, na kwa hilo nakushukuru. Aliingia ndani, akafungua friji yangu akaifunga, akaitazama pasi, kisha akauliza nani kati yetu ana birika la umeme. Mpangaji wa chumba cha nyuma, mama mwenye mtoto mchanga, akasema analo yeye. Alisema kwa sababu ni mkweli. Kijana akaandika kwenye karatasi yenye muhuri wa ofisi yako kwamba mita ni nzima, tatizo ni matumizi makubwa ya ndani, hasa birika. Hakuzima swichi hata moja. Nguzo hakuitupia jicho. Kile kipimo cha kubana waya, chenye mdomo kama gando la kaa, kilikuwa kwenye mkoba wake. Niliuona mpini wake mwekundu umechungulia. Kilikuja Sogea kutembea.

Nyumba ya mita moja unaijua, Ndugu Meneja, labda uliwahi kupanga. Umeme unanunuliwa kwa mchango, na mchango ukipanda kila mtu anakuwa mpelelezi wa mwenzake. Nani anapiga pasi usiku, nani anaacha redio inaimba peke yake, nani analala taa inawaka. Kabla ya karatasi yako hayo yalikuwa maneno ya uani tu. Baada ya karatasi yako yakawa hukumu. Wapangaji walikaa kikao, karatasi ikasomwa, muhuri ukaonyeshwa, na yule mama akaambiwa alipe nusu ya umeme wa nyumba nzima au aondoke. Nilijaribu kuwatuliza, nikaulizwa kama mimi najua umeme kuliko ofisi ya umeme.

Akahama. Alipakia godoro, beseni na hilo birika kwenye bajaji, mtoto mgongoni, mvua ikinyesha.

Sasa tufanye hesabu ambayo kijana wako angeweza kuifanya akiwa amesimama. Birika lile ni la wati 2,000. Dakika kumi za kuchemsha maji ni theluthi moja ya uniti. Sisi tuko kwenye daraja la shilingi 292 kwa uniti; ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya mdhibiti (EWURA) asilimia 1, inafika shilingi 356. Theluthi yake ni kama shilingi 120. Kwa baridi ya ukanda huu, mtoto mchanga kuogeshwa maji ya moto asubuhi na jioni ni shilingi 240 kwa siku. Nyumba yangu ilikuwa inapoteza uniti 11 kwa siku zaidi ya kawaida yake. Ili birika limalize uniti 11, yule mama angepaswa kulichemsha mara 33 kila siku. Mtoto angekuwa ameiva.

Lakini akahama.

Wiki ya Krismasi wapangaji wote walikwenda makwao, Mbozi, Ileje, mmoja Kyela. Nikazima friji, nikachomoa kila kitu, mwisho nikazima swichi kubwa yenyewe. Usiku nikatoka nje na mwavuli nikatazama juu ya nguzo. Ile taa nyekundu ya mita ilikuwa inakonyeza: kimya, kama sekunde nane, inakonyeza tena. Kwenye mita zile imeandikwa kwamba mikonyezo 1,000 ni uniti moja. Kwa mwendo ule, kitu fulani kilikuwa kinakula wati 460 katika nyumba iliyozimwa.

Nikamwita fundi wa mtaani, mtu asiye na ofisi wala muhuri. Hakuuliza habari za birika. Alisema maneno machache tu: swichi kubwa imezimwa na mita inahesabu, basi mwizi yuko kati ya nguzo na swichi, au ni mita yenyewe. Akaegemeza ngazi akiwa na glovu, akafuata waya wenu unaotoka nguzoni hadi pale unapogusa ukingo wa paa. Upepo wa Tunduma unaujua. Waya ulikuwa umesuguliwa na bati hadi gamba lake likaisha upande mmoja, shaba ya waya wa moto ikawa nje, na bati pale limeungua doa jeusi la ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Kutoka batini umeme ulikuwa unapita kwenye mfereji wa maji ya mvua, unashuka na bomba la chuma, unaingia ardhini. Ardhi ikiwa kavu ulikuwa unapita kidogo. Mvua ikinyesha, ardhi ikilowa, unapita kwa raha. Ndiyo maana nilikuandikia, kwa herufi kubwa, kwamba mita inakimbia tangu mvua zianze. Hilo lilikuwa jibu lenyewe, nimekuletea mezani, ukalifungia kwenye faili.

Ampea mbili tu, Ndugu Meneja. Ampea mbili kwa volti 230 ni zile wati 460. Kwa saa 24 ni uniti 11. Kwa mwezi ni uniti 331, karibu shilingi 118,000. Saketi breka ya nguzoni haishtuki kwa ampea mbili, inasubiri makumi. Ile ya usalama iliyoko ndani haiwezi kuona uvujaji ulio kabla yake, upande wa nguzo. Wa kuona alikuwa mtu mmoja tu, mwenye kipimo cha kubana waya, kwa dakika tano: azime swichi kubwa, asome pale nguzoni. Kikisoma sifuri na mita ikitulia, lawama ni ya ndani, na hapo ndipo zamu ya friji yenye mpira wa mlango uliochoka, hita isiyojizima, waya uliopenya kwa jirani. Kikisoma chochote, lawama iko kwenye laini yenu; kikisoma sifuri na mita bado inahesabu, lawama iko kwenye mita. Uamuzi kati ya yule mama na ofisi yako ulikuwa na thamani ya dakika tano.

Na usisahau kwamba lile bomba la chuma watoto walikuwa wanalishika. Wawili walisema linauma. Tuliwaambia waache utundu. Hapa sitaendelea, maana nikiendelea nitaandika maneno ambayo mhariri atayafuta.

Kuna watu watasema hili ni tatizo la nyumba moja ya Sogea. Lakini mtazame jirani yangu, mstaafu, aliye daraja la matumizi madogo: shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi mpaka uniti 75 kwa mwezi, zinazozidi ni 350. Waya wake ukivuja nusu ampea tu, uniti 83 kwa mwezi zimeondoka kabla hajawasha taa. Atapandishwa daraja, na mtamwambia amekuwa mtumiaji mkubwa.

Ninachoshindwa kuelewa ni kwamba mkitaka kutufikia mnatufikia. Kabla ya tarehe 24 Novemba 2024 kila mita ya LUKU nchini ilitakiwa kuboreshwa. Tukaletewa safu tatu za tarakimu ishirini ishirini, bibi zetu wakazibonyeza, na wote tukaonekana kwenye mtambo. Kodi ya jengo, shilingi 1,500 kila mwezi, inakatwa kwenye tokeni bila mtu kutumwa Sogea. Mtambo unajua nyumba yangu ilinunua kiasi gani mwezi wa kumi na kiasi gani mwezi wa kumi na mbili. Matumizi ya mteja yanaruka ghafla mvua zinapoanza, na hakuna hata kengele moja inayolia ofisini? Au inalia, na mlio wake unafanana na wa mashine ya kuhesabia fedha?

Tunaambiwa Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, na tunafurahi. Tunaambiwa laini ya kilovolti 400 ya kutuunganisha na Zambia inapita hapa kwetu kwenda Sumbawanga, na tunafurahi. Mwaka 2024, ukame ulipolishusha Bwawa la Kariba na wenzetu wa Zambia wakawa wanakaa gizani saa nyingi kwa siku, sisi tulisimama mpakani tukajiona matajiri. Mmejua kuupitisha umeme juu ya milima. Mita ishirini za mwisho, kutoka nguzoni hadi kwenye swichi ya mtu, ndizo zimewashinda, na zikiwashinda mnamwandika mteja.

Ninayoomba ni haya. Mtu akilalamika kwamba mita inakimbia, kijana wako asiandike neno kabla hajazima swichi kubwa na kupima mbele ya mwenye nyumba, na namba aliyoisoma aiandike kwenye karatasi. Waya wa nguzoni unaogusa bati uvishwe bomba la plastiki. Kwenye mtaa wangu peke yake nimeona nyumba kadhaa zenye waya uliolala batini. Na zile uniti zilizokwenda ardhini zirudishwe. Kama haziwezi kurudishwa, niandikiwe sababu, ila safari hii isiwe birika.

Liko moja zaidi, nalo ndilo lililonifanya niandike hadharani badala ya kupanga foleni tena dirishani kwako. Wapangaji wangu wameshajua ukweli. Bado wapo wanaosema lakini ofisi iliandika. Sasa ofisi iandike tena. Karatasi ileile, muhuri uleule, saini ya kijana yuleyule, iseme kwamba birika halikuhusika na kwamba umeme ulivuja kwenye waya wa kutoka nguzoni. Itumwe kwa jina la yule mama, si langu. Amepanga chumba Mpemba, na ananiambia huko nako mwenye nyumba mpya amemkataza birika, maana habari zilimtangulia. Karatasi ikiwa tayari nipigie, namba yangu iko kwenye faili, nitaifuata siku hiyohiyo.

Nawasilisha.

Mteja wako, Sogea, Tunduma