Mlango Usiofunguka



Mara nyingi penye msiba twasikia neno hili: “Maskini, alijisumbua bure.” Mtu amembeba nduguye kwa machela usiku kucha, na mgonjwa akakata roho kabla ya kufika zahanati. Watu humpa pole, lakini moyoni husema kwamba kazi yake imepotea. Leo nataka tumtazame mtu mmoja aliyepewa nishani kubwa ya vita kwa kazi ambayo haikufaulu.

Jina lake Andrew Mynarski. Alizaliwa mwaka 1916 katika mji wa Winnipeg, nchi ya Kanada, na wazazi wake walikuwa wamehamia huko kutoka Poland. Baba yake alipofariki, Andrew alikuwa kijana wa miaka 16. Akashika kazi ya kukata ngozi apate kumsaidia mama yake na nduguze. Mwaka 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, akaingia jeshi la ndege la Kanada.

Usiku wa tarehe 12 Juni 1944, ndege yao ya mabomu, aina ya Lancaster, iliondoka Uingereza na watu saba. Walitumwa kupiga njia za reli za Cambrai, Ufaransa, ili Wajerumani wasipeleke askari na silaha Normandy. Andrew alikaa na bunduki zake katika kibanda cha vioo juu ya mgongo wa ndege. Rafiki yake, Pat Brophy, alikaa peke yake katika kibanda cha mkiani.

Baada ya saa sita ya usiku wakashambuliwa na ndege ya Kijerumani. Injini mbili za kushoto zikazimika, na moto ukawaka ndani ya ndege. Nahodha akaamuru wote waruke kwa miavuli. Andrew alikuwa amekwisha fika penye mlango wa kutokea. Alipotazama nyuma akamwona Pat amenaswa. Kibanda cha mkiani kilizungushwa kwa nguvu ya injini, na injini zilikuwa zimekufa. Pat alijaribu kukizungusha kwa mkono, na mpini ukavunjika.

Basi Andrew akauacha mlango. Akatambaa ndani ya moto mpaka mkiani. Akapiga kwa shoka, mlango usifunguke. Akavuta kwa mikono mitupu, usifunguke. Nguo zake zikashika moto tangu kiunoni kwenda chini. Pat akampungia mkono aende zake, ajiokoe. Andrew akarudi nyumanyuma, uso wake ukimwelekea rafiki yake. Alipofika mlangoni akasimama wima, akapiga saluti, akaruka. Wafaransa waliokuwa chini walimwona akishuka, nguo na mwavuli vikiwaka. Walimfikia, lakini alikuwa ameungua mno, akafa. Umri wake ulikuwa miaka 27. Kaburi lake liko katika kijiji cha Méharicourt.

Na Pat je? Ndege ilipoanguka iligonga mti, kile kibanda kikapasuka, naye akatupwa nje akiwa hai. Wenzao wengine watano nao walipona.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Andrew hakuwapo tena kujisemea, na hakuna mwingine aliyeyaona yale ya mkiani ila Pat tu. Pat angaliweza kunyamaza, au kusema kwamba rafiki yake hakumsaidia kitu, maana kweli mlango haukufunguka. Lakini alipofika kwa wakubwa wake alisimulia yote aliyoyaona. Kwa ushuhuda wake, mwaka 1946 Andrew alipewa Victoria Cross, nishani ya ushujaa iliyo juu ya zote katika majeshi ya Uingereza na ya Kanada wakati ule, na mama yake akaipokea.

Mimi simsifu kwa sababu ya mabomu. Mabomu yaliua watu wengi wasio na kosa, na hilo tusilifiche. Namsifu kwa sababu ya zile dakika chache za shoka na mikono mitupu. Walioitoa nishani hawakuuliza kama mlango ulifunguka. Waliuliza alifanya nini.

Nanyi, wasomaji, katika vijiji vyenu mnao watu wa namna hiyo: binti aliyemwuguza mama yake miaka mitatu, na mama akafa, kijana aliyejitupa mtoni kumfuata mtoto, akarudi mikono mitupu. Hao hulala na uchungu wao, wakidhani wameshindwa. Kama ulikuwapo ukaona, usingoje siku ya mazishi yake. Nenda kwake ukamwambie, “Mimi niliona ulivyofanya.” Kisha uwaambie na watoto wake.