Kabla Hujalipa Kiingilio: Wito kwa Wazazi wa Mnazi Walio Ughaibuni

Ndugu zangu wa Mnazi, nanyi majirani zetu wa Lunguza, Mng'aro na Mlalo mlioko Muscat, Dubai, Doha na kwingineko, kuna simu ya aina moja ambayo siku hizi inapigwa sana huku nyumbani. Baba au mama amepata kazi yenye viza ya familia. Watoto wamemfuata au wako njiani. Wenzake kazini wamemtajia shule ya kimataifa ya mtaala wa Uingereza, fomu anayo mkononi, na nafasi zinajaa. Anampigia mjomba wake mwalimu, au shemeji aliyewahi kukaa Uarabuni, na kumwuliza: "Shule ipi ni nzuri?"

Nawaomba tuanze na swali jingine. Mtoto akimaliza hapo, atakwenda wapi? Atarudi kusoma Tanzania, ataendelea na chuo huko huko, au atahamia nchi ya tatu mkataba wa mzazi ukiisha? Ukilijibu hilo, hata kwa kukisia, zaidi ya nusu ya shule ulizotajiwa utaziweka kando mwenyewe. Usipolijibu, utachagua kwa kufuata rangi ya sare na ukubwa wa bwawa la kuogelea.

Swali hili si geni katika milima yetu. Enzi za mkoloni, hapa kwetu Lushoto palikuwa na shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, na mwishoni mwa miaka ya 1950 ikafunguliwa ya sekondari kule Iringa, St Michael's and St George's, ambayo baada ya Uhuru ikawa Mkwawa. Maafisa na walowezi waliokuwa wakiishi juu ya Usambara walitaka kitu kimoja: mtoto asome hapa kwa mtaala ule ule wa kwao, ili siku akirudishwa Uingereza aingie darasani bila kupotea. Mtaala wa Uingereza ulisambaa duniani kwa sababu hiyo, kwamba unahamishika. Unaanza Muscat, unaendelea Nairobi, unamaliza Kuala Lumpur, na mtihani ni ule ule. Kwa familia inayohamahama hilo ni jambo kubwa, na simlaumu mzazi anayelitafuta.

Lakini Mwingereza yule alikuwa akimwandaa mtoto kurudi kwao. Wewe unamwandaa arudi wapi? Huku kwetu wazee waliomaliza sekondari kabla ya Uhuru walikuwa na vyeti vya Cambridge, kisha mwaka 1973 tukaunda Baraza letu la Mitihani, NECTA, na njia zikaachana. Mtoto anayerudi leo na cheti cha mtaala wa Uingereza, yaani IGCSE au A-Level, hana tatizo, mradi mzazi ajue kwamba cheti hicho hupitia NECTA kwanza kupewa ulinganifu, ndipo vyuo vyetu vikipokee. Kwa hiyo tunza vyeti halisi, tunza matokeo ya kila mwaka, na jina la mtoto kwenye cheti cha kuzaliwa, pasipoti na fomu ya mtihani liandikwe kwa herufi zile zile. Kama pasipoti imeandikwa Shekiondo na shule ikaandika Shekiyondo, kuna siku utapanga foleni kwa ajili ya herufi moja.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo watoto wengi wanapokwama na wazazi hawajui. Katika mtaala wa Uingereza mtoto anachagua masomo yake akiwa na miaka 13 au 14, kabla ya kuingia mwaka wa 10 unaoanza kozi ya IGCSE. Akifika miaka 16 anachagua tena kwa ajili ya A-Level, na safari hii anabaki na masomo matatu, mara chache manne. Hakuna michepuo kama yetu ya PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) au EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati). Mtoto anaweza kuchanganya Biolojia na Sanaa na Biashara, na shule itampongeza kwa kuwa na upeo mpana. Sasa mchukue binti anayetaka udaktari. Vyuo vingi vya Uingereza vinaridhika na Kemia na Biolojia pamoja na somo la tatu analolipenda, basi anaiacha Fizikia na kuchukua Saikolojia. Miaka miwili baadaye baba anamaliza mkataba, familia inarudi, binti anaomba Muhimbili, na anakuta udaktari hapa unataka Fizikia, Kemia na Biolojia, yote matatu. Ana alama za juu kabisa na mlango umefungwa. Hakuna aliyekosea pale shuleni, walimshauri kwa njia wanayoijua wao. Wa kujua njia ya huku ni sisi. Mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutolewa kila mwaka na unapatikana bure; usome ukiwa na mtoto wako kabla hajajaza fomu ya masomo.

Jambo la pili ni umri na darasa. Shule hizi humpanga mtoto kwa umri, na kwa kawaida mpaka wa mwaka ni mwisho wa Agosti. Mtoto anaanza mwaka wa 1 akiwa na miaka mitano, tena wengi wameshapita darasa la awali wakiwa na minne. Kwa hiyo kijana wako wa miaka tisa aliyetoka darasa la tatu hapa Mnazi atawekwa mwaka wa 5, katikati ya watoto waliosoma hadithi za Kiingereza tangu hawajang'oa meno ya utoto. Hesabu zenyewe si lazima zimsumbue. Atajumlisha na kugawanya vizuri, ila swali la mafumbo lenye mistari mitatu ya Kiingereza litamwangusha, na mwalimu asiyemjua atadhani hajui hesabu. Uliza shule ina mwalimu wa kuwasaidia watoto ambao Kiingereza si lugha yao ya nyumbani, anakaa nao saa ngapi kwa wiki, na je, huduma hiyo ina malipo ya ziada. Shule yenye majibu ya moja kwa moja kwa maswali hayo matatu ni ya kufikiriwa. Na kama watapendekeza arudi nyuma darasa moja, usione aibu. Mwaka mmoja wa kujenga lugha utalipa.

Kurudi nako kuna kalenda yake. Kwenu masomo yanaanza mwishoni mwa Agosti au Septemba na kwisha Juni au Julai, wakati huku darasa jipya huanza Januari na kidato cha tano huanza Julai. Tena nchi yetu iko katikati ya mabadiliko: Sera ya Elimu ya 2014, Toleo la 2023, inafupisha elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita na kufanya elimu ya lazima iwe miaka kumi. Mtoto anayerudi katikati ya mabadiliko hayo anahitaji mtu wa kumwombea nafasi mapema. Ongea na afisa elimu wa wilaya miezi kadhaa kabla ya kufunga mizigo. Usimlete mtoto kwanza kisha ndiyo uanze kuuliza.

Kuhusu fedha sitasema mengi, kila mtu anaujua mfuko wake. Nasema hivi tu: usisome mstari wa ada peke yake. Ikunjue karatasi ile ufike sehemu ya chini, ndipo utakuta kiingilio kisichorudishwa, amana ya nafasi, mchango wa majengo, basi la shule, sare za aina mbili, kompyuta, na ikifika mwaka wa 11 ada ya mtihani kwa kila somo. Kisha uangalie jambo moja zaidi: ada hupanda mtoto anavyopanda darasa. Familia ikiingia kwa ada ya mwaka wa 2 bila kuangalia ada ya mwaka wa 10, mtoto atatolewa pale pale alipokaribia mtihani, na huo ndio wakati mbaya kuliko yote wa kumhamisha. Kama mwajiri wako anachangia ada, aliandike hilo kwenye mkataba, ataje kiwango na idadi ya watoto.

Neno "British" juu ya geti halithibitishi kitu, na "International" ndiyo kabisa. Uliza shule inafanya mitihani ya bodi gani, Cambridge au Pearson Edexcel, na kama yenyewe ni kituo kilichosajiliwa au inawapeleka watoto kufanyia kwa jirani. Uliza kama imekaguliwa chini ya mpango wa serikali ya Uingereza wa shule zake za ng'ambo. Walioko Dubai wana bahati zaidi, kwa sababu mamlaka ya elimu ya huko, KHDA, imekuwa ikikagua shule binafsi na kutangaza ripoti zake wazi, kila mzazi akasome. Ndugu zetu wawili watatu walidhani kila shule ya kimataifa ni ya mtaala wa Uingereza. Mfano wa karibu ni pale Moshi, shule iliyofunguliwa mwaka 1969 kama International School Moshi, ambayo leo ni UWC East Africa, na inafuata mtaala mwingine, wa IB (International Baccalaureate). Ni shule yenye heshima kubwa, lakini mtoto wa IGCSE hahamii pale akakuta daftari lake linaendelea ukurasa ule ule. Na huko Ghuba kuna shule za mtaala wa Kihindi zenye ada nafuu na hesabu kali. Zimewasaidia Waafrika Mashariki wengi, msizidharau.

Sasa nije kwenye lugha. Mtoto wa Mnazi hukua na lugha mbili kabla hajaingia shule, Kisambaa cha bibi na Kiswahili cha kijiweni na sokoni. Wengine wana Kipare au Kikamba juu yake. Akiwa ughaibuni miaka mitatu, cha kwanza kuondoka ni Kisambaa, kisha Kiswahili cha kuandika, hatimaye cha kusema. Nimemwona kijana wa miaka kumi na mmoja, mwerevu, mwenye ripoti iliyojaa sifa, amekaa kwenye mkeka na babu yake pembeni ya redio. Babu anamsimulia alivyokata mkonge shambani akiwa kijana, idadi ya matita ya majani aliyopaswa kufunga kwa siku, miiba ya ncha ya jani inavyochoma. Kijana anatabasamu kwa adabu. Alipoulizwa amesikia nini, alijua babu alifanya kazi shambani, basi. Yote mengine yalimpita.

Hilo linazuilika, tena kwa gharama ndogo. Cambridge wana mtihani wa Kiswahili katika ngazi ya IGCSE. Muulize mkuu wa shule, kwa barua, kama mtoto wako anaweza kusajiliwa hata kama shule haina mwalimu wa somo hilo. Familia nne tano za Watanzania, Wakenya na Waomani wanaozungumza Kiswahili mkiandika barua pamoja, mtasikilizwa kuliko ukienda peke yako. Muscat yenyewe imejaa watu waliokulia Kiswahili Unguja na Pemba. Waombeni wazee wale wakae na watoto Ijumaa jioni. Nyumbani, weka utaratibu: baada ya mlango kufungwa ni Kiswahili, na mtoto aandike barua kwa bibi kwa mkono wake, makosa na yote.

Najua wengi wenu mnaosoma hapa hamna viza ya familia. Mnaendesha magari ya watu, mnalea watoto wa watu, na wa kwenu wako hapa Mnazi kwa bibi. Kwenu wito wangu ni mwingine, na unatuhusu zaidi sisi tuliobaki. Mwalimu anapoitisha kikao cha wazazi, bibi haendi kwa sababu miguu haimruhusu, na kiti cha mtoto yule kinabaki hakina mtu. Majirani, twendeni. Lichukue daftari lake, ulione, umpigie mama yake picha ya kurasa mbili umtumie. Mama aliye mbali akiona mwandiko wa mtoto wake anajua la kumwambia simuni jioni ile.

Na nyinyi ambao watoto wenu wameshapita katika shule hizi, wamemaliza, wako vyuoni, tunawahitaji. Ujuzi mnao: mnajua shule gani ilimpokea mtoto asiyejua Kiingereza ikamvumilia, mnajua ulinganifu wa NECTA ulichukua muda gani, mnajua ni somo gani mngelichagua tofauti. Msikae nao. Wengi wenu huja likizo Julai na Desemba. Mkija, tengeni alasiri moja tukutane pale shule ya msingi pamoja na walimu, mje na nakala za karatasi za ada, ripoti na barua za ulinganifu, mkiwa mmefuta majina mkipenda. Walimu wetu nao waje na mwongozo wa TCU na kalenda ya mwaka. Mzazi anayejiandaa kuondoka akae katikati aulize. Na vitabu vya hadithi ambavyo watoto wenu hawavisomi tena kwa kuwa wamekua, vya Kiingereza na vya Kiswahili, vifungeni kwenye boksi moja mje navyo; mtoto wa darasa la tatu atakayeitwa kesho na baba yake kwenda Doha yuko hapa leo, na anaweza kuanza kusoma wiki hii.